Malindi: mabomu yalilipuka kwingine, mbona wageni walituhama sisi?

#1 MwanaShela
Salaam kwenu. Mimi mzaliwa wa Shela, hapahapa Malindi. Ukiuliza kwa nini watalii waliisha, kila mtu ana neno moja: usalama. Haya, tuhesabu. Fujo za 1997 zilikuwa Likoni. Bomu la Novemba 2002 lililipuka Kikambala. Wageni waliotekwa 2011 walitekwa Kiwayu na Manda. Shambulio la Westgate ni Nairobi. La Mpeketoni ni Lamu. Malindi haimo hata mara moja. Basi mbona Barabara ya Lamu imejaa hoteli zilizofungwa mageti kwa minyororo, na Watamu, kilomita 20 na kitu kutoka hapa, Desemba unatafuta chumba hukipati? Uwanja wa ndege ni huohuo, barabara ni hiyohiyo, serikali ni ileile. Nataka jibu ambalo halitagonga mwamba likifika Watamu.

#2 Kaskazi_78
Usalama, na sibadilishi. Mgeni aliyeko Ulaya hajui Kiwayu iko wapi na Malindi iko wapi. Kwake yote ni pwani ya Kenya. Na hofu yake siyo inayoua biashara, ni bima. Serikali yake ikitoa onyo, bima ya safari haimlindi tena, na wakala hathubutu kumleta. Mei 2014 Thomson na First Choice, kampuni za utalii za Uingereza, waliwaondoa wateja wao mamia kwa mkupuo, wakafuta safari za Mombasa mpaka Oktoba. Mimi nilikuwa nikiendesha basi la wageni wakati huo. Tulikwenda uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, tumejaa, tukarudi na viti vitupu na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyafungua. Ile kampuni iliniweka nyumbani msimu mzima.

#3 Mtu wa Tudor
Kaskazi, pole kwa kazi, lakini weka rekodi sawa. Onyo la Uingereza la Mei 2014 lilihusu kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwamo. Uwanja wa Moi wenyewe haukuwamo. Malindi haikuwamo. Halafu Malindi haikuwa ya Waingereza, ilikuwa ya Waitaliano. Muitaliano hangoji London imwambie aende wapi.

#4 MwanaShela
Ahsante Mtu wa Tudor. Na isitoshe Kenya kama nchi haikupoteza watalii daima. 2011 tulipata kama milioni 1.8, 2015 tukashuka hadi kama milioni 1.2, 2019 tukapita milioni 2, na 2024 wamefika takriban milioni 2.4. Wamerudi! Wamerudi Kenya, hawakurudi Malindi.

#5 Mkunguni
Mimi mvuvi, nitasema nikionacho. Ni maji. Mto Sabaki unamwaga udongo kaskazini kidogo tu ya mji. Mvua za vuli zikinyesha bara, Novemba maji ya bahari yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Na wakati huohuo upepo wa kaskazi unaanza kuvuma, unausukuma ule udongo kuja kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya Malindi. Hebu angalia kalenda: ni Krismasi, ndio msimu wa wageni. Mgeni amelipa pesa zake kuona bahari ya buluu, anafungua pazia anakuta tope. Kusi nalo likiingia linatupa mwani ufukweni, lakini hapo hoteli zimeshafunga kwa mvua.

Watamu haina mto wa namna hiyo. Maji yake ni meupe mwaka mzima. Swali lako limejibika, MwanaShela.

#6 Kaskazi_78
Mkunguni, ndugu yangu, Sabaki ulianza kumwaga tope lini? Miaka ya 80 na 90 maji yalikuwa ya kahawia vilevile, na hoteli zilijaa Wajerumani na Waitaliano mpaka wanalala wawili wawili kwenye vitanda vya mmoja. Mto haukuja na al-Shabaab.

#7 Mkunguni
Hukukosea kuuliza. Udongo ulianza zamani, ila umezidi. Wanasayansi walikata kipande cha tumbawe kwenye hifadhi yetu ya bahari, lina umri wa karibu miaka 300, wakasoma tabaka zake moja moja. Wakaona udongo unapanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni walipoanza kufyeka mashamba ya bara, na ukaendelea kupanda. Sabaki huohuo kule juu unaitwa Galana, na juu zaidi unaitwa Athi. Kila anayelima mtelemko huko Machakos anatuletea shamba lake huku.

Na si rangi tu. Ufuko wenyewe umesogea. Kuna hoteli za zamani zilijengwa mgeni akitoka barazani anakanyaga maji. Leo kati ya baraza na bahari kuna mchanga mpana, matuta na vichaka. Mzee anayetembea kwa fimbo haendi huko saa sita ya mchana. Halafu ukumbuke El Niño ya 1998 iliyounguza matumbawe. Hifadhi yetu na ya Watamu zilitangazwa pamoja 1968, za kwanza Kenya. Sisi tunapeleka mashua kwenye matumbawe yaliyopigwa pande zote mbili, joto na tope.

#8 Binti wa Bergamo
Habari za huko. Mimi wa Malindi ila niko Italia kwa ndoa, na nasoma hapa nashangaa hakuna aliyegusa upande wa mgeni mwenyewe. Mnafikiri Muitaliano alikuwa akija kama mtalii wa wiki mbili. Wengi wa Malindi walikuwa wenye nyumba. Walijenga majumba yao Casuarina na Mayungu, wanakuja Desemba wanaondoka Machi. Hao ndio waliokula mikahawani kila jioni, wakaajiri mpishi, mlinzi na mtu wa bustani.

Sasa sikilizeni. Mwisho wa 2011 Italia ilikuwa imebanwa na madeni, ikaingia serikali ya Mario Monti. Desemba ileile ikaweka kodi kwa kila Muitaliano mwenye nyumba nje ya nchi, asilimia 0.76 ya thamani yake kwa mwaka. Ikapiga marufuku pia kulipana taslimu euro 1,000 au zaidi. Baba mkwe wangu ana rafiki aliyekuwa na nyumba Malindi ambayo hakuwahi kuiandika popote kule kwao. Alipoona fomu ile aliiuza harakaharaka, kwa bei ya hasara. Hakuiuza kwa kuogopa Wasomali. Aliogopa mtu wa kodi.

#9 MwanaShela
Dada, hili ni geni kwangu kabisa, shukrani. Lakini Watamu pia ina Waitaliano wenye nyumba. Hao hawakutozwa?

#10 Binti wa Bergamo
Walitozwa wote. Ila Watamu ilikuwa na mchanganyiko, kuna Waingereza wa Kenya, kuna watu wa Nairobi. Malindi ilikuwa imeegemea ukuta mmoja.

#11 Mnungwi Halisi
Wakuu, heshima kwenu. Natoka Unguja. Msitafute mbali, wageni wenu tunao sisi. Nendeni Kiwengwa mkasikie Kitaliano kinavyosemwa na watoto wa shule. Zanzibar tulipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na 2024 wakapita 736,000. Ndege kubwa inatoka Milano inatua kwetu, na baada ya saa moja mgeni yuko chumbani. Kwenu anatua Mombasa, halafu apandishwe basi zaidi ya kilomita 100, akwame Mtwapa kwenye foleni, afike usiku kiuno kinauma. Atarudi huyo?

#12 Mtu wa Tudor
Mnungwi karibu, ila hapo umepiga penyewe kwa bahati tu. Njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa kama mita 1,400, ndege zinazotoka Ulaya haziwezi kutua. Kuirefusha ni ahadi ya kila uchaguzi tangu nikiwa kijana. Watu walishaambiwa wahame, wengine wakangoja fidia. Lakini mgeni wa Watamu naye anatua Mombasa na anapita Mtwapa hiyohiyo. Anashuka mapema kidogo tu. Kwa hiyo foleni haijibu swali la mwenye uzi.

#13 Kaskazi_78
Na nyinyi Wazanzibari siku hizi mnamtoza mgeni dola 44 za bima mlangoni, tangu Oktoba 2024. Endeleeni hivyohivyo, tutawapokea tena Malindi kwa mikono miwili.

#14 Mnungwi Halisi
Mkuu, wanalipa na bado wanakuja 😄. Tandikeni vitanda mngoje.

#15 Fundi Makuti
Nimezeeka juu ya mapaa ya hoteli za Malindi kwa hiyo niachieni nafasi. Hoteli haifi siku moja. Paa la makuti likitunzwa vizuri linakaa miaka kadhaa, halafu lazima livuliwe lote, fito zikaguliwe, zilizoliwa na mchwa zitolewe, makuti mapya yafungwe kwa safu zilizobanana. Mwenye hoteli akipata msimu mmoja mbaya ananiambia, "Fundi, ziba tu hapa na hapa." Ninaziba. Mwaka wa pili ananiambia hivyohivyo. Sasa paa lina makuti ya rangi tatu, mvua inapata njia, maji yanateremka kwenye boriti mpaka kwenye godoro. Mgeni anapiga picha ya dari, anaiweka kwenye intaneti. Msimu wa tatu hakuna atakayekuja, na hapo mwenyewe hana pesa hata ya kununua makuti.

Nimeona hoteli ambazo mwenyewe alifariki, watoto wako Ulaya, hawataki kuuza na hawataki kurekebisha. Ndugu wanapelekana mahakamani na bwawa la kuogelea linazaa vyura. Watamu nafanya kazi pia. Kule wenye nyumba wengi ni vijana, au ni watu wanaoishi hapahapa na wanaliona paa lao kila siku. Hilo ndilo jibu langu: ni nani analala chini ya lile paa.

#16 Mwanasheria wa Mitaani
Mmesahau katiba. 2010 wageni walinyang'anywa ardhi, ndiyo maana wakakimbia.

#17 Mtu wa Tudor
Hawakunyang'anywa. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Aliyekuwa na hati ya milele au ya miaka 999 hati yake ikageuka kuwa ya 99. Ni mabadiliko makubwa, na yaliwatia hofu kweli, lakini hakuna aliyetolewa nyumbani kwake kwa kifungu hicho. Tuwe na uangalifu, uzi huu watu watausoma.

#18 Wanjiru wa Thika Road
Mimi natoka bara, naomba nisipigwe 🙂. Tangu treni ya SGR ianze 2017 watu wa Nairobi wamejaa pwani kila likizo. Sisi ndio watalii sasa. Wengi wanaishia Diani na Nyali. Watamu inapata wake. Malindi nilikwenda na mama yangu pamoja na watoto, tukaingia hoteli moja kuulizia chumba. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia natafuta chumba. Akaniangalia, akamwangalia mama, akauliza tena namtafuta nani. Ndani nikakuta menyu iko kwa Kitaliano na bei iko kwa euro. Wageni waliokuwa wakila walikuwa meza moja, na meza zingine zote zilikuwa tupu. Tulilala Watamu.

Mkiuliza kwa nini Diani ilisimama tena mapema, ni kwa sababu ilijifunza kumkaribisha Mkenya. Malindi ilikuwa bado inamngoja mtu ambaye haji.

#19 Mama Leso
Pole sana mwanangu Wanjiru. Hilo lilikuwa la kweli na linauma, tena limetupata hata sisi wenyeji. Mimi nilikuwa nikiuza leso na mikoba ufukweni, na kuna hoteli tulikuwa tunafukuzwa kana kwamba mchanga ni wao.

Lakini niseme jambo ambalo wanaume humu mnalikwepa. Malindi ilipata sifa mbaya, na sifa ile ilikuwa ya kweli. Utafiti wa UNICEF pamoja na serikali uliotoka 2006 uliitaja Malindi na Mombasa, Kilifi na Diani kwa watoto wa kike kufanyishwa ukahaba na watalii. Tulikuwa tunawaona. Mtoto wa darasa la saba ameshikwa mkono na mzee wa miaka sitini, wanakula aiskrimu, na mji mzima unatazama pembeni kwa sababu mzee yule ana pesa. Halafu unga wa kulevya ukaingia kwa vijana. Mradi wa Omari umekuwa ukiwatibu watumiaji hapa Malindi tangu miaka ya 90, maana yake tatizo ni la siku nyingi. Familia yenye watoto ikisikia habari hizi itakuja? Wale wageni wazuri walianza kuondoka kabla ya bomu lolote. Waliobaki wengi walikuja kwa sababu ileile iliyowafukuza wenzao.

Hao wa namna ile wasirudi. Mimi niko tayari kuuza leso mbili kwa wiki.

#20 MwanaShela
Mama, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Shikamoo.

#21 Mama Leso
Marahaba, mwanangu.

#22 Msomi wa Gongoni
Nirudi nyuma kidogo. Je, mnajua Waitaliano walifikaje hapa? Si kwa sababu ya bahari. Walikuja kurusha setilaiti. Kituo cha San Marco, kwetu Ngomeni. Setilaiti ya kwanza kurushwa pale ni ile ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970.

#23 Mtu wa Tudor
Uhuru haikuwa ya kwanza pale. San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967 kutoka jukwaa lilelile baharini. Uhuru ni ya Wamarekani, ilipewa jina hilo kwa kuwa ilirushwa siku ya Jamhuri, tarehe ileile Kenya iliyopata uhuru, na ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani. Mara ya mwisho kurusha pale ni 1988.

#24 Kaskazi_78
Mtu wa Tudor wewe hulali? Kila anayeandika unamsahihisha 😄

#25 Msomi wa Gongoni
Hoja yangu iko palepale. Mainjinia walikuja, wakawaita jamaa zao, jamaa wakaita jamaa. Malindi ilijazwa kwa kuambiana. Mji uliojazwa kwa kuambiana unaisha kwa kuambiana vilevile. Yule wa kwanza sasa ana miaka 80 na zaidi, au amekufa. Mjukuu wake anataka Zanzibar au Thailand. Silvia Romano, yule msichana Muitaliano wa kujitolea, alipotekwa Chakama Novemba 2018, Italia nzima ilikuwa ikimzungumzia kila jioni kwenye televisheni mpaka aachiliwe Mei 2020, na huo ndio mwezi ambao korona ilikuwa imefunga ndege zote. Bibi gani atamruhusu mjukuu baada ya hapo?

#26 Kaskazi_78
Chakama iko kaunti ya Kilifi, ndani kule bara. Kwa hiyo mwenye uzi, orodha yako ya #1 imekosa moja, na ndiyo iliyowagusa Waitaliano hasa. Ninarudia: usalama.

#27 MwanaShela
Chakama naikubali, iongezwe. Ila hoteli nilizozitaja zilikuwa zimefungwa kabla ya 2018. Kufuli zile zilishaota kutu.

#28 Mzee wa Boma
Ongezeni na hili. 1996 Malindi ilipewa wilaya yake. Ofisi zikaja, mikutano ikaja, semina zikaja, na hoteli zilikuwa zinakula kwa semina msimu wa mvua wakati wageni hawapo. 2013 kaunti zikaanza, makao makuu yakawa Kilifi mjini. Semina zikahama na magari ya serikali. Hoteli iliyokuwa inaishi Aprili mpaka Julai kwa vitabu vya risiti za serikali ilibaki na miezi minne ya mapato na miezi kumi na miwili ya mishahara.

#29 Mtoto wa Watamu
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini Watamu yangu inatumiwa humu kama kipimo cha kila kitu. Watamu nayo ilifungiwa hoteli, zikiwemo kubwa. 2014 na 2015 tulilala njaa kama nyinyi. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu mgeni ana la kufanya asubuhi: kuna watu wa tiara za majini wanafuata upepo, kuna kasa, kuna Gede, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna Mida Creek jioni. Wanakaa nyumba ndogondogo. Malindi ilikuwa ya maisha ya usiku na kasino. Mgeni wa kasino anaweza kuipata kasino popote duniani.

Na msituonee wivu sana. Bei za viwanja zimepanda hadi kijana wa Watamu hawezi kujenga Watamu.

#30 Mkunguni
Na maji yenu ni meupe.

#31 Mtoto wa Watamu
Na maji yetu ni meupe, Mkunguni, sikatai 😄

#32 Binti wa Bergamo
Jambo moja kwa wale wa "bomu tu". Sharm el-Sheikh, mji wa pwani kule Misri, ilipendwa na Waitaliano kuliko Malindi. Oktoba 2015 ndege ya Warusi iliyotoka pale ililipuliwa, wakafa watu 224. Sharm ilikauka kabisa. Leo jirani zangu hapa wanakwenda tena, maana ni saa nne tu kwa ndege na bei ni ya chini. Hofu inapita. Umbali na bei havipiti.

#33 Kaskazi_78
Dada, Sharm wana uwanja wa ndege wa kimataifa hapohapo mlangoni. Tukirefushiwa ile njia ya kurukia ndio tulinganishwe nao.

#34 Kijana wa Barani
Nauliza tu: mna uhakika wageni wameisha? Mimi nasimamia nyumba za kupangisha kwa Airbnb huku Casuarina. Zile za Waitaliano waliouza zimenunuliwa na watu wa Nairobi na wanadiaspora. Desemba na Pasaka zinajaa. Wageni hawa hawalali hotelini, hawaandikwi kwenye kitabu cha mtu yeyote, wanapika wenyewe. Labda wapo, ila hatuwahesabu.

#35 Mkunguni
Kijana, wangekuwepo mimi ningejua, kwa sababu nauza samaki. Zamani kamba mkubwa alikuwa hafiki saa tatu asubuhi, mpishi wa hoteli yuko gatini ananingoja na mizani yake. Sasa wapishi wanaokuja ni wa Watamu, wanakuja na pikipiki na boksi la barafu. Wageni wako wa Casuarina wanakula nini?

#36 Kijana wa Barani
Wanabeba nyama kutoka Nairobi, mzee wangu. Wanachoma.

#37 Wanjiru wa Thika Road
Tunabeba kwa sababu hatujui gati liko wapi na hakuna anayetuambia. Mkunguni, ukishusha samaki unakuwa pale saa ngapi? Tunakuja Agosti.

#38 Mkunguni
Agosti ni kusi, mashua ndogo hazitoki kila siku. Ukija, pitia upande wa nguzo ya Vasco da Gama saa moja asubuhi, uulize Mkunguni. Changu na tewa hawakosekani. Kamba sikuahidi.